Mama Mtulivu wa Bonde la Mkwenda

Nchi ya Sitara ilikaa baina ya safu mbili za milima, na wageni walioipita kwa juu, wakiitazama kupitia vidirisha vya ndege, walisema haina kasoro: mashamba yaliyopangwa kama mikeka iliyoanikwa, barabara kuu zilizopakwa chokaa kingoni, na katikati mji mkuu wa Vikaoni, wenye majumba ya vioo ambamo watu waliovaa suti walikutana asubuhi kupanga watakutana tena saa ngapi mchana. Kila jambo nchini humo lilikuwa na kikao chake. Mvua ikikosa kunyesha kulikuwa na kikao. Ikinyesha kupita kiasi kulikuwa na kikao kingine, na wajumbe wa kile cha kwanza walinuna kwa kutoalikwa cha pili. Juu ya vikao vyote aliketi Mtukufu Kizibo, aliyetawala akiwa amekaa upande upande, sikio moja kwa wananchi na jingine kwa majenerali, na madaktari wake walikuwa wamekwisha kuthibitisha kwamba sikio la upande wa wananchi halisikii.

Sitara ilikuwa imetoka vitani. Kwa miaka mingi Jeshi la Ngao, lililokuwa la serikali, lilipigana na Jeshi la Mapambazuko, lililokuwa la waasi chini ya Kamanda Tindua, na sehemu kubwa ya mapigano hayo ilifanyika katika Bonde la Mkwenda, ambako watu walikuwa wakilima mahindi na hawakuwa wamegombana na mtu. Pande zote mbili zilisema zinampigania mwananchi. Kwa kweli zilipigania kiti, na vita vilikwisha siku mafundi seremala wa Ikulu walipomaliza kuchonga kiti cha pili. Tindua akaketi, akaitwa Makamu. Jenerali Radi, aliyeongoza Ngao huko Mkwenda, akapewa wizara ya ulinzi ili asinung'unike. Katika mazungumzo ya amani pande hizo zilibishania kila kitu: rangi za bendera, beti za wimbo wa taifa, na nani atatangulia kupita mlangoni, jambo ambalo peke yake lilichelewesha utiaji saini hadi maua ya mezani yakanyauka. Ni neno moja tu walilokubaliana bila kikao. Walikubaliana kwamba yale waliyotendewa wanawake wa Mkwenda hayakutokea.

Lakini yalikuwa yametokea, na wanawake walikuwa hai, na baadhi yao walikuwa na ndimi. Kwa hiyo serikali iliunda Tume. Tume ilifika Mkwenda na magari meupe na mahema, ikawakusanya wanawake uwanjani mbele ya waume zao, wakwe zao na askari wenye bunduki, ikawataka wenye malalamiko ya kubakwa wanyooshe mikono. Hakuna aliyenyoosha. Tume ikaandika kwamba hakuna malalamiko. Watu walipopiga kelele, ikaundwa Tume ya Kuitathmini Tume, nayo ikamwita mwanamke mmoja hemani, ikamuuliza alikuwa amevaa nini, kwa nini hakukimbia, na kama ana shahidi.

"Mashahidi walikuwepo," alisema yule mwanamke. "Ndio hao hao walionifanyia."

"Basi hakuna shahidi huru," alisema mwenyekiti, na wajumbe wakaenda kula.

Aliyechoshwa na mambo hayo kuliko wengine alikuwa Bi Zamda Lihoya, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyekuwa hakimu huko Vikaoni. Aliacha uhakimu siku alipoletewa mbele yake mwanamke wa Mkwenda aliyeshtakiwa kwa kulichafulia jeshi jina, na kosa lake ni kwamba alisimulia sokoni yaliyompata. Zamda alilisoma shtaka, akalisoma tena akidhani amekosea, kisha akamwachia huru yule mama, akavua joho lake, akalitundika kwenye kiti, akatoka kwa mlango wa mbele. Alizaliwa Mkwenda yeye mwenyewe. Mdogo wake alikuwa ameolewa na Tindua. Ndugu zake walidhani atapumzika. Yeye akapanda basi la Mkwenda.

Alifikia kwa Bi Mashavu, mwenye mashine ya kusaga mahindi kwenye njia panda ya Kilosero, mwanamke mnene mwenye unga kwenye nyusi, ambaye hakumkaribisha kiti.

"Na wewe umekuja na maswali?" aliuliza Mashavu.

"Nimekuja kuuliza kama mnataka kuulizwa."

Mashavu alisimamisha mashine. Alimtazama mgeni wake kuanzia viatu hadi kilemba. "Hilo halijawahi kuulizwa," alisema. "Na tukisema hatutaki?"

"Nitasaga mahindi yangu niende."

"Una mahindi?"

"Sina."

Mashavu alicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi kama kikohozi, akamsogezea gunia akalie.

Ndivyo kazi ilivyoanza. Zamda hakuwa na gari jeupe wala hema, hakutumwa na serikali wala na wapinzani wa serikali. Alikaa kwenye chumba cha nyuma ya mashine, na wanawake waliotaka kusema walikuja wakiwa na ndoo za mahindi vichwani, mchana kweupe, kama mtu yeyote mwenye njaa. Mashine iliponguruma, aliyekuwa nje hakusikia lolote. Kila mmoja alisema kwa hiari yake, aliishia alipotaka kuishia, na Zamda hakumharakisha wala hakumtia neno mdomoni. Akisema hakumbuki, Zamda aliandika kwamba hakumbuki. Kila aliyeumwa alipelekwa kwa mkunga wa misheni ng'ambo ya mto, aliyetibu bila kuuliza umetoka wapi. Na kila mmoja aliambiwa jambo lile lile kabla ya kuanza: jina lako halitoki humu. Likitoka, utalitoa wewe.

Mashavu alisema wa mwisho, wateja wote walipokuwa wamekwenda. Alisema huku akifagia.

"Ngao walikuja wakati wa palizi. Radi mwenyewe alikuwa barabarani, kwenye gari, anakula machungwa. Aliwaambia vijana wake, kijiji hiki ni chenu mpaka kesho. Nilimsikia. Nilikuwa karibu kama wewe hapo." Alifagia. "Mimi na wifi yangu. Wifi hakupona."

Zamda alingoja. Kisha akauliza kama amemaliza.

"Sijamaliza. Hao ni wa kwanza." Mashavu aliegemeza ufagio ukutani. "Halafu Mapambazuko wakaja kutukomboa. Tuliwapokea kwa vigelegele, Hakimu, tukawapikia. Walipokwisha kula, wakasema nyinyi mmelala na Ngao, nyinyi ni mabaki ya Ngao. Wakatufanyia yale yale. Tofauti ilikuwa wimbo tu walioimba wakija. Shemeji yako aliambiwa. Mkunga alimwendea kambini, akamwambia vijana wako wanafanya hivi na hivi. Akajibu kwamba vijana wamechoka, wana haki ya kupumzika."

Zamda aliweka kalamu chini. Alitembea hadi mlangoni, akasimama akitazama njia panda, akageuka akarudi kukaa.

"Sema tena hapo pa mwisho," alisema. "Polepole. Niandike vizuri."

Habari kwamba kuna mtu anauliza maswali Mkwenda bila kibali cha kikao chochote zilifika Vikaoni, na Vikaoni haikupenda. Zamda aliitwa na Waziri wa Heshima na Utulivu, Mheshimiwa Mapoza, mtu mwenye sauti laini kama ya muuguzi anayekaribia kukudunga sindano.

"Bi Zamda, sisi tuko pamoja," alisema Mapoza. "Serikali imeguswa. Tunachoomba ni majina ya hao kina mama, ili tuwalinde."

"Mtawalinda na nani?"

"Na yeyote atakayetaka kuwadhuru."

"Waliowadhuru wako ghorofa ya juu, Mheshimiwa. Nimepishana na mmoja kwenye lifti."

Mapoza alitabasamu kwa huzuni. "Bila majina, hizi ni hadithi."

"Mlipokuwa na majina mliwashtaki wenye majina. Mimi ndiye niliyeletewa kesi, au umesahau?"

Waziri hakuwa amesahau. Alikuwa na mtu wa kumsahaulia. Alimsindikiza hadi mlangoni akimpongeza kwa moyo wake wa uzalendo, na juma lile lile leseni ya uwakili ya Zamda ikafutwa, mkunga wa misheni akahamishwa, na mashine ya Mashavu ikakaguliwa na maofisa wa afya, wa mizani, wa kelele na wa zimamoto, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiondoka na debe la unga.

Jambo lililomuudhi Zamda zaidi ni marafiki. Maana wakati huo wote wakereketwa wa Mapambazuko walimshangilia, wakidhani anaandika habari za Ngao peke yake. Walimwita mama wa ukweli. Walimtungia wimbo. Kisha Tindua mwenyewe akaja nyumbani kwake, alasiri ya Jumapili, bila walinzi, amevaa kanzu, amebeba nanasi.

"Shemeji," alisema, akikaa. "Nimeambiwa kazi yako ni nzuri sana. Sura ile ya kwanza ya taarifa yako, ya Radi, imeniliza."

"Umeisoma wapi? Haijatoka."

Tindua aliacha swali hilo lipite. "Kuna sura ya pili."

"Ipo."

"Iondoe."

Zamda alikuwa anamenya nanasi. Aliendelea kumenya.

"Sisemi ni uongo," alisema Tindua, na sauti yake haikuwa ya kutisha. Ilikuwa ya mtu aliyechoka kweli. "Vita ni vita. Vijana wangu hawakuwa malaika. Lakini ukitoa zote mbili pamoja, Radi atasema, mnaona, wote tulikuwa vivyo hivyo, na yatakwisha. Utakuwa umemwokoa. Toa ya kwanza. Ya pili itakuja wakati wake."

"Wakati wake ni lini?"

"Tukishaimarika."

"Shemeji, mke wako ni wa Mkwenda. Wanawake hawa walimfundisha kutembea. Mkunga alikufuata kambini akakueleza, ukamjibu nini?"

Tindua aligeuza kichwa. Alitazama ukutani, kwenye picha ya arusi yake mwenyewe, ambamo Zamda alikuwa amemshikia mdogo wake shela.

"Nilikuwa na vita mikononi," alisema hatimaye.

"Na mimi nina kazi mikononi. Sitamuuliza mwanamke aliyembaka ni wa chama gani ndipo nijue kama niandike." Alimsogezea sahani. "Kula nanasi lako."

Hakulila. Baada ya siku hiyo mdogo wake Zamda hakupokea tena simu zake, na ule wimbo wa mama wa ukweli haukuimbwa tena. Uliimbwa mwingine, wenye maneno mabaya, kwa mahadhi yale yale.

Taarifa ilitoka ikiwa na sura zote mbili. Ilichapishwa nchi jirani, ikasomwa redioni kwa lugha ya Mkwenda, na hakuna jina la mwanamke hata mmoja lililokuwemo, ila majina ya waliotoa amri yalikuwemo yote, pamoja na vyeo vyao vya zamani na vya sasa. Watu walitegemea serikali itakanusha. Zamda alikuwa amejiandaa kwa kukanushwa. Alikuwa amejiandaa hata kwa jela. Hakuwa amejiandaa kwa shukrani. Mtukufu Kizibo alihutubia taifa, akasema ameguswa, akasema wanawake wa Mkwenda ni nguzo ya amani kwa sababu waliteseka na hawakulipiza, na akatangaza kwamba taifa litawajengea sanamu.

Sanamu ililetwa kwa trela. Ilisimamishwa kwenye njia panda ya Kilosero, ikitazamana na mashine ya Mashavu: mwanamke wa shaba, mrefu kuliko nyumba yoyote bondeni, amefumba macho, kidole kimoja juu ya midomo. Walimwita Mama Mtulivu. Uso wake haukufanana na mtu yeyote wa Mkwenda. Ilisemekana mchongaji alipewa picha ya mke wa Waziri Mapoza. Chini ya miguu yake yaliandikwa maneno AMEVUMILIA, AMESAMEHE, na hakuna mtu bondeni aliyekumbuka kuulizwa. Jenerali Radi na Makamu Tindua walikata utepe pamoja, kwa mkasi mmoja. Na kwa kuwa serikali ilijua sanamu huweza kupakwa kinyesi, Bunge lilipitisha haraka Sheria ya Kumuenzi Mama Mtulivu, iliyosema kwamba hakuna ruhusa ya kumharibu wala kumwondoa, na kwamba yeyote atakayesimama mbele yake kutoa heshima na kumbukumbu asibughudhiwe na mtu wala chombo chochote cha dola.

Zamda alikwenda kuiona. Aliizunguka akiwa amekunja mikono, na Mashavu, aliyekuwa amekaa mlangoni kwake, aliiona hasira inavyopanda mwilini mwake kama homa.

"Kazi yote ile," alisema Zamda. "Kazi yote ile, na wanatujengea kidole mdomoni. Na sheria juu! Hata kusimama hapa ukamkumbuka mtu kuna sheria yake. Ukisimama kukumbuka, polisi hawakugusi. Ukikaa, nadhani wanakukamata."

Mashavu aliinua kichwa. "Rudia."

Zamda alirudia. Alipofika katikati alianza kusema polepole, kwa sauti yake ya mahakamani, na alipomaliza walitazamana.

"Kukumbuka," alisema Mashavu. "Kimya kimya, au hata kwa sauti?"

"Haikusema."

"Basi."

"Hapana," alisema Zamda, akielewa. "Hapana, dada. Niliwaahidi. Nimefutiwa leseni, nimepoteza mdogo wangu, kwa ajili ya kuyaficha majina yenu. Siwezi kukaa nitazame mkiyatoa barabarani. Watawachoma moto."

"Hakimu." Mashavu alisimama, akajipangusa unga. "Siri ile ilikuwa yetu. Tulikupa ututunzie, ukatunza vizuri, Mungu akulipe. Sasa tunaiomba."

Zamda alitafuta jibu kati ya yote aliyosomea, akakosa. Alilia kidogo, kwa hasira, na Mashavu akamwacha alie, kisha akamwambia kama anabaki afanye kazi ya maana, ashike mwavuli, maana jua ni kali.

Siku ya soko Mashavu alisimama mbele ya Mama Mtulivu, watu wakiwa wamejaa, akasema jina lake na la baba yake. Alisema yaliyompata, bila kupunguza na bila kuongeza, akasema na yaliyompata wifi yake, akamtaja Radi na machungwa yake, akawataja Mapambazuko na vigelegele walivyopigiwa. Watu wengine waliondoka. Mume wake, fundi baiskeli ambaye kwa miaka yote hakuwahi kumuuliza wala kuambiwa, alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na gurudumu mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka gurudumu chini, akaingia ndani, akatoka na kiti, akamwekea mkewe pale alipo. Halafu akaenda akasimama nyuma ya kiti.

Soko lililofuata walisimama wengine. Mkuu wa kituo cha polisi alifika na askari wake, akaonyeshwa sheria, akaisoma midomo ikicheza, akapiga simu Vikaoni. Vikaoni ikaitisha kikao. Mtu mmoja alipendekeza sanamu iondolewe. Akaambiwa sheria inakataza. Mwingine alipendekeza sheria ibadilishwe. Akaulizwa ni sababu gani itasomwa bungeni, na nani atakayeisoma. Wakatazamana. Waziri Mapoza alipendekeza Mama Mtulivu afunikwe turubai kwa ajili ya ukarabati. Alifunikwa. Wanawake wakaja wakasimama mbele ya turubai, na sasa walikuja hata kutoka mabonde mengine, na upepo wa milimani ukaliondoa turubai lenyewe, likatua kwenye mahindi ya mtu.

Siku ya Amani ikafika. Itifaki ilitaka wawakilishi wa pande mbili waweke mashada miguuni pa Mama Mtulivu, na kutokwenda kungehitaji maelezo. Kwa hiyo walikwenda. Msafara ulisimama njia panda, bendi ikajipanga, Jenerali Radi akashuka na shada lake na Makamu Tindua na lake, wakatembea bega kwa bega kama ilivyoandikwa kwenye ratiba. Wanawake walikuwa wamekaa chini, safu nyuma ya safu, kuanzia mashine hadi mtoni. Mbele yao alikuwa amesimama mmoja aliyejifunga khanga ya bluu, kijana, ambaye hakuwahi kusema na Tume, wala na Zamda, wala na mama yake. Alikatiza masimulizi yake alipowaona.

"Karibuni," alisema Mashavu kutoka kwenye kiti chake, kwa adabu zote. "Hamjachelewa. Mwenzetu alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye majina."

Mkuu wa bendi aliinua fimbo yake, akamtazama Jenerali apate ishara. Ishara haikuja. Radi alimtazama Tindua. Tindua alikuwa anamtazama Zamda, aliyeshika mwavuli bila kupepesa jicho. Nyuma yao dereva hakuwa amezima injini, na mlango wa gari ulikuwa bado wazi. Mikono yao ilikuwa imejaa maua, hawakuweza kuziba masikio.

Yule kijana alishusha pumzi, akajikaza khanga, akaendelea.